Jina la binti yetu liko wapi?

MABINTI NA MASOMO

Juma lililopita, baada ya kuhesabu akiba ya AVEC, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa dakika mbili. Kwa hiyo nalijibu hapa.

Binti yake ni asistanti wa iniversite, huu ni mwaka wa tano. Anafundisha, anasahihisha mitihani, anasaidia wanafunzi wanaoandika kazi zao za mwisho. Lakini kila akiuliza habari ya kupanda cheo, anaambiwa makala zake hazijatosha. Mama akauliza: makala gani tena hayo? Mwingine akajibu kwamba kama shida ni makala, yeye anayo gunia mbili nyumbani, binti aje achukue. Tulicheka sana, ila swali lilibaki palepale.

Makala ya watu wa iniversite si ya kupikia. Ni maandishi ya utafiti. Mtu anachunguza jambo, tuseme kwa nini mihogo inaoza shambani, au kwa nini wamama wa kijiji fulani hawaendi kuzalia kituoni. Anaandika aliyoyaona katika kurasa kumi, kumi na tano, ishirini. Kisha anatuma kwenye jarida la kazi hiyo. Jarida linawapa watu wawili au watatu wanaojua jambo hilo waisome. Wanaweza kuikataa. Wanaweza kusema rekebisha hapa, ongeza pale, halafu rudisha. Mambo hayo huchukua miezi, mara nyingine mwaka mzima au zaidi. Na mwandishi halipwi hata franga moja. Tena kuna majarida yanayomdai yeye alipe ili makala itoke, na bei inaweza kufika mamia ya dola, hata maelfu.

Basi kwetu, asistanti hawi C.T., na C.T. hawi profesa, kwa sababu anafundisha vizuri tu. Makala zinahesabiwa. Asiye nazo anabaki pale alipo, na mshahara wake unabaki pale ulipo. Ndiyo maana binti ya mwenzetu hana usingizi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wakubwa wengi wa iniversite, wakiulizwa kwa nini maprofesa wanawake ni wachache, wanajibu haraka: wanawake hawaandiki. Ukitazama hesabu kwa juu juu, utasema wana haki. Mwaka 2013 jarida la Nature lilitoa hesabu ya makala zaidi ya milioni 5 za dunia nzima, zilizotoka kati ya 2008 na 2012. Majina ya wanawake hayakufika 30 kwa kila 100. Na pale jina la kwanza lilipokuwa la mwanamke mara moja, lilikuwa la mwanaume karibu mara mbili. Jina la kwanza si jambo dogo, maana kwa kazi nyingi ndilo jina la yule aliyebeba mzigo mkubwa, na ndilo watu wanalolitaja baadaye.

Lakini kuna hesabu nyingine, na hii ndiyo ninayotaka muikumbuke hata kama mtasahau nyingine zote. Ilitolewa mwaka 2020 na watafiti wanne wanaofanya kazi na mtaalamu wa fizikia Albert-László Barabási, yeye akiwa mmoja wao. Walifuata maisha ya kazi ya watafiti zaidi ya milioni moja na nusu, katika inchi 83, watu waliokuwa wamekwisha kuacha kuandika kati ya 1955 na 2010. Walihesabu tangu makala ya kwanza ya mtu hadi ya mwisho. Kweli, kwa maisha yote ya kazi, mwanaume aliacha makala kama 13, mwanamke kati ya 9 na 10. Hapo ndipo wengi husimama na kusema, unaona?

Wao hawakusimama hapo. Wakagawa kwa miaka. Wakakuta kwamba kwa mwaka mmoja mwanaume anaandika makala 1.3, na mwanamke anaandika makala 1.3. Sawasawa. Tofauti ni kwamba mwanaume alikaa kwenye kazi ya kuandika miaka 11 kwa wastani, mwanamke miaka 9 na kidogo. Na kila mwaka, wakiwa wadogo au wakubwa kazini, hatari ya mwanamke kutoka ilikuwa kubwa kuliko ya mwanaume.

Ni kama wamama wawili wanaouza samaki sokoni. Kila mmoja anauza beseni moja kwa siku. Mmoja anafika siku sita, mwingine anafika siku nne kwa sababu siku mbili ana mgonjwa nyumbani. Mwisho wa juma utasema wa pili hajui kuuza?

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: ni nini kinachomtoa mwanamke njiani? Wakubwa wanaosema wanawake hawaandiki wanakosa hapo, na mimi nawaambia bila kuogopa. Wanatazama mwisho wa juma, hawatazami siku.

Sehemu moja ya jibu iko nyumbani kwetu, wala tusiifiche. Mwaka 2021 kulitoka utafiti juu ya walimu wa iniversite wa Marekani na Kanada. Ulionyesha kwamba mtoto akizaliwa, kazi ya mama ya kuandika inashuka kuliko ya baba, na kwamba jambo hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya tofauti kati yao. Na hao ni watu wenye mashine ya kufulia na maji ndani ya nyumba. Halafu, korona ilipofunga shule, mwezi wa pili hadi wa tano mwaka 2020, majarida zaidi ya 2,000 ya nyumba moja kubwa ya Ulaya yaliangaliwa. Kila mtu alikuwa amefungiwa nyumbani, na makala zilizotumwa ziliongezeka sana. Ila za wanaume ziliongezeka kuliko za wanawake, na waliobaki nyuma zaidi walikuwa wanawake wa umri mdogo, wale wenye watoto wa kunyonya na wa kufundishwa masomo mezani.

Baba na mama walikuwa ndani ya nyumba moja. Mlango ulikuwa mmoja. Mtoto akilia, nani aliinuka?

Leteni jambo hilo huku kwetu. Asistanti mwanaume anarudi jioni, anakuta bugali iko mezani, anakula, analala kidogo. Umeme unaporudi saa tano ya usiku, anaamka, anafungua kompyuta, anaandika mpaka saa nane. Mke wake anawaambia watoto wanyamaze, baba anafanya kazi. Asistanti mwanamke, wa umri uleule na diploma ileile, umeme ukirudi saa tano anapiga pasi nguo za shule, anachaji simu za watu wote, anajaza mabidoni kama maji nayo yamekuja. Akifungua kompyuta saa sita, macho yamefunga. Na kuandika utafiti si kama kusuka kikapu, kwamba utaacha na kurudi pale ulipoachia. Ukikatwa katikati ya wazo, unaanza upya.

Tena kuna vilio na ndoa. Mwanaume anafika kwenye kilio, anakaa kwenye kiti, anasalimia, anaacha mchango wake, anaondoka, na watu wanasema amefika. Mwanamke akifanya hivyo watamsema mwaka mzima. Lazima atwange sombe, alale pale, aoshe sufuria. Nani atamsema? Si wanaume, wamama. Ni sisi.

Sehemu ya pili ya jibu haiko nyumbani, iko kazini, na inauma zaidi kwa sababu hapo binti amekwisha kufanya kazi, ila jina lake halionekani.

Mwaka 2022 jarida lile la Nature lilitoa utafiti mwingine, na namna ulivyofanywa ni ya akili sana. Iniversite nyingi za Marekani zinaandika kila mtu anayelipwa kwa pesa ya utafiti: profesa, mwanafunzi, mtu wa maabara, wote. Watafiti wakachukua orodha hizo za mishahara za timu karibu 10,000. Kisha wakaziweka kando ya makala zilizotoka katika timu hizo. Yaani waliona nani alikuwa shambani, halafu wakaona nani alikula mavuno. Kati ya watu 100 waliofanya kazi, wanawake walikuwa 48. Kati ya majina 100 yaliyoandikwa juu ya makala, ya wanawake yalikuwa 35. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni kwamba wanawake wengi walikuwa kwenye vyeo vya chini. Lakini hata walipolinganisha watu wa cheo kimoja na kazi moja, mwanamke bado alikuwa nyuma kwa asilimia 13 katika kupata jina lake kwenye makala ya timu yake. Waliulizwa pia watafiti wenyewe kama waliwahi kuachwa nje ya makala waliyoifanyia kazi. Wanawake 43 kwa 100 walisema ndiyo, na wanaume 38. Wanaume nao wanaachwa, tusiseme uongo. Wanawake wanaachwa zaidi.

Kuna habari ya mama mmoja, Jocelyn Bell Burnell, aliyezaliwa 1943 huko Ireland ya Kaskazini, ambayo wanaosoma sayansi wote wanaijua lakini sisi wamama hatuambiwi. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa iniversite ya Cambridge, Uingereza. Yeye na wenzake walijenga kwa mikono yao chombo kikubwa cha kusikiliza mawimbi yanayotoka kwenye nyota, nguzo na waya juu ya uwanja mpana. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi zilizotoka kwenye mashine, karibu metre 30 kila siku, kwa jicho. Siku moja akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Msimamizi wake, Antony Hewish, alidhani ni kelele ya vyombo vya watu duniani. Yeye hakuiacha. Akaifuata, akaikuta inarudi, mapigo baada ya mapigo kama saa. Ilikuwa nyota ya namna ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameijua, leo inaitwa pulsa.

Makala ilitoka mwezi wa pili mwaka 1968. Majina matano. La kwanza ni la Hewish. La pili limeandikwa hivi tu: S. J. Bell. Ukilisoma hujui kama ni mwanamke au mwanaume. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ya fizikia ikatolewa kwa kazi hiyo na nyingine za aina yake, ikaenda kwa Hewish na mwenzake Martin Ryle. Yeye hakupewa. Waandishi wa magazeti waliofika kumpiga picha walimuuliza Hewish habari za nyota, na yeye wakamuuliza habari za wapenzi.

Wengi wanaisimulia mpaka hapo. Mimi nataka mtazame yaliyofuata. Aliolewa mwaka huohuo wa 1968, akabeba jina la mume, Burnell. Mume alikuwa mtu wa serikali, anahamishwa mji huu na huu, na mke akamfuata, kila mahali akitafuta kazi mpya ya namna yoyote iliyopatikana. Akapata mtoto. Kwa miaka mingi alifanya kazi nusu siku. Huyu ni mtu aliyegundua jambo kubwa la karne yake, wala hakuwa na kiti cha kudumu. Ile hesabu ya miaka 11 na miaka 9, ndiyo hiyo imevaa nguo. Yeye alikuwa na moyo wa chuma, hakutoka. Baadaye akawa profesa, akaongoza vyama vya wataalamu. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine, dola milioni 3, akazitoa zote zisaidie wanafunzi wa fizikia kutoka kwa watu ambao sayansi imewasahau.

Huku kwetu Kongo mambo ya majina ni ya zamani, na si ya wanawake peke yao. Mwaka 1976, ugonjwa ulipolipuka Yambuku, daktari aliyefika kule mapema na kuchukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu alikuwa Jean-Jacques Muyembe, Mukongomani. Damu aliyoisindikiza ilipelekwa Ulaya, na kwa miaka mingi vitabu vilivyosimulia Ebola viliwataja Wazungu wa maabara. Ikiwa daktari mwenye cheo cha Muyembe alisahauliwa hivyo, fikirini msichana mwenye lisanse anayetumwa kijijini na fomu za maswali.

Na wasichana hao ni wengi kwetu Kivu. Utafiti juu ya vita, juu ya wamama waliobakwa, juu ya uzazi, hauwezi kufanywa bila wao. Mama aliyeumizwa hatafungua moyo mbele ya mwanaume mgeni. Anafungua kwa msichana anayesema lugha yake, anayekaa naye chini kwenye mkeka, anayelia naye. Msichana huyo anapanda pikipiki, anavuka barieri, anarudi na daftari limejaa. Analipwa kwa siku. Miezi kumi baadaye makala inatoka Ulaya au mjini, na yeye, kama ana bahati, yuko chini kabisa mahali wanapoandika shukrani. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walitoa kitabu juu ya mambo haya, Bukavu Series ndilo jina lake, wakisema wazi kwamba watu wa hapa wanatumiwa halafu wanasahauliwa. Nilifurahi kuona limesemwa na wenyewe.

Binti ya mwenzetu naye amepitia hapo. Mara mbili ameenda kijijini kwa kazi ya mkubwa mmoja, makala zimetoka, jina lake halimo. Aliogopa kuuliza. Namuelewa. Anayeamua majina ndiye anayeweka sahihi kwenye karatasi yake ya cheo, na mwanamke akidai anaitwa mwenye kichwa kigumu.

Tunaweza kufanya nini, sisi tusioandika makala? Mengi kuliko tunavyodhani, na baadhi ni ya bure.

Kwanza, maneno ya kumwambia binti kabla hajapanda pikipiki. Habari ya jina inaulizwa siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Nikifanya kazi hii, nitaandika sehemu gani? Jina langu litakuwa la ngapi? Aulize kwa upole, tena kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili jibu libaki. Kukusanya maswali peke yake, kwa desturi ya majarida mengi, hakutoshi kumpa mtu jina. Basi aombe pia kusaidia kuchambua majibu na kuandika. Huo si ukaidi. Fundi naye anapatana bei kabla ya kupanda juu ya paa.

Pili, jina lenyewe. Achague namna moja ya kuliandika na asiibadilishe maisha yake yote, hata akiolewa. Mwanamke aliyeandika makala tatu kwa jina la baba na nne kwa jina la mume, mashine zinazohesabu zinamwona ni watu wawili, mmoja ana tatu, mwingine ana nne. Kuna namba inayoitwa ORCID, ilianza 2012, ina tarakimu 16, inapatikana kwa intaneti bila kulipa. Inaunganisha kazi zote za mtu mmoja, jina likibadilika au lisipobadilika. Dakika tano zinatosha kujiandikisha.

Tatu, pesa. Kikundi kikimkopesha binti pesa ya kutoa makala, kiangalie kwanza jarida ni la namna gani. Kuna majarida ya wezi. Yanaandika barua tamu, yanakubali kazi kwa siku mbili tatu bila mtu kuisoma, halafu yanadai dola. Makala ya huko inaweza kukataliwa siku ya kuhesabu cheo, na deni litabaki. Aulize kwanza profesa wake ambaye amekwisha kutoa makala. Na majarida mengi ya kweli yanaondoa au kupunguza bei kwa watu wa inchi kama yetu, lakini lazima uombe mapema, unapotuma kazi.

La nne ni gumu, kwa sababu linatugusa. Binti au mkwe mwenye makala ya kumaliza anahitaji masaa yake, yanayojulikana na watu wote wa nyumba. Si "ukipata nafasi". Masaa matatu, mara tatu kwa juma, mlango umefungwa, watoto wako kwa bibi yao au kwa jirani, na baba mtu anajua kupika. Kilio kikitokea, kikundi kimpokee mchango wake wa pesa na kimwachie siku moja, kama tunavyomwachia muuguzi mwenye zamu. Nimelisema hili kwa wamama wawili wazee na wamenikatalia. Wanasema mila itakufa. Sidhani. Mwaka 1964, Sophie Kanza alipopata diploma yake ya iniversite, mwanamke wa kwanza wa inchi yetu, kulikuwa na wengi waliosema jambo hilihili. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri.

Siku ya posho, saa tisa ya mchana, tutakuwa na kikao cha mabinti wanaosoma au kufundisha iniversite, pamoja na mama zao. Kila binti alete orodha ya kazi za utafiti alizofanya tangu alipoanza, na pembeni ya kila moja aandike kama jina lake limo. C.T. mmoja mwanamke amekubali kuja kuwaonyesha namna ya kuchukua namba ya ORCID. Wenye simu yenye intaneti waje na simu imechajiwa. Watoto wadogo waje pia, wamama wawili wa kikundi watakaa nao uwanjani.